VLC inaganda katikati ya video ya sendofu, hata killall -9 haiiui (Linux Mint)

Kamera_Chumbageni

Wakuu, salaam. Naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana ya Jumamosi iliyopita bado naona haya kupita mtaa ule.

Kazi yangu ni video za harusi hapa Tanga. Siku ya sendofu huwa naonyesha kipande cha dakika ishirini hivi kwenye projekta: bibi harusi akiwa mdogo, picha za nyumbani, salamu za ndugu walio mbali. Mashine ni ThinkPad T430 ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 8, mfumo ni Linux Mint 21.3, na programu ya kuchezea video ni VLC 3.0.16. Video zote zinakaa kwenye diski ya nje ya TB 1 kwa sababu ya ndani ni SSD ndogo ya GB 120 na imejaa.

Sasa, Jumamosi ile mama wa bibi harusi tulikuwa tumemrekodi nyumbani akimuusia mwanawe. Anafungua mdomo, "Mwanangu, mimi leo..." ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, kwenye kitambaa cha mita tatu. Ukumbi kimya. Halafu mashangazi wa viti vya nyuma wakaanza kucheka, MC naye akajitia kuimba. Mimi nabonyeza, nabonyeza, VLC haisikii. Nikafungua terminali nikaandika killall -9 vlc, amri ya kuiua programu kwa nguvu. Haikufanya kitu! Nilipokwisha kata tamaa na kuuendea waya wa umeme, ikajifunga yenyewe.

Nilichokwisha jaribu: nimeifuta VLC na kuiweka upya, nimebadilisha waya wa VGA, nimezima athari za mapambo za Cinnamon. Bado. Na haigandi mahali pamoja. Leo dakika ya tatu, kesho ya kumi na moja.

Naomba kuwasilisha.

sudo_mwenyewe

Pole mkuu. Hapo kwenye jicho moja nimecheka, unisamehe.

Kuifuta VLC na kuiweka upya hakufuti mipangilio yako, inabaki palepale kwenye ~/.config/vlc. Andika

vlc --reset-config

Kisha ingia kwenye mapendeleo, sehemu ya kodeki (zinazofungua video iliyobanwa), uzime ile ya kuipa kadi ya picha kazi ya kufungua video. Intel za zamani zinasumbua sana hapo. Mimi yangu ilipona hivyohivyo.

Kamera_Chumbageni

Nimefanya yote mawili, mkuu. Jana usiku imeganda tena mara mbili. Na kuna vipande vingine sasa vimekuwa vibaya kuliko mwanzo, feni ya laptopu inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

BintiMvita

Ndugu wa Tanga, hebu tusimame kidogo kabla hujabadilisha kitu kingine. Kila mtu akija hapa husema "inaganda", na ndani ya neno hilo kuna maradhi matatu manne tofauti. Nijibu haya:

Ikiganda, sauti yakatika pamoja na picha, au sauti yaendelea na picha ndiyo imesimama? Kishale cha mausi chasogea? Na yakaa muda gani hadi iachie? Usikisie, shika saa.

Nauliza kwa sababu ya jambo moja ulilolitaja kwa kupita: killall -9 haikuiua, kisha VLC ikafa yenyewe baadaye. Programu ikiwa imekwama kwa kasoro zake, -9 huimaliza papo hapo, haina la kujitetea. Isiyokufa kwa -9 aghlabu ni ile iliyoiomba kerneli, yaani moyo wa mfumo, data kutoka kwenye diski na jibu halijaja. Hapo haiwezi kufa wala kuendelea, yangoja tu. Jibu likija, au kosa likirudi, ndipo ile amri yako ya kuua inapoifikia. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu VLC, mimi naiangalia diski.

Fanya hivi leo. Fungua terminali mbili kando ya video. Ya kwanza, ya kusoma ujumbe wa kerneli:

sudo journalctl -kf

Ya pili htop, orodha ya programu zinazoendeshwa. Kwenye htop tafuta mstari wa vlc, tazama safu iliyoandikwa S. Ikiganda na hapo pakawa na herufi D, basi ni huko kungoja nilikokwambia. Na kwenye ile ya kwanza, nakili mistari yote itakayojitokeza dakika hiyohiyo, uibandike hapa. Yote, usinichagulie.

Na jambo la mwisho: hiyo diski imechomekwa wapi hasa?

Kamera_Chumbageni

Dada, umenifanya nikae macho hadi saa nane, lakini nimepata kitu.

Ni magonjwa mawili kweli! Sikuwahi kuyatenganisha.

La kwanza: picha na sauti vyote vinakatika, kishale kinasogea vizuri, VLC inageuka kijivu. Nimepima kwa simu mara tatu: sekunde 31, sekunde 31, sekunde 32. Kwenye htop ni D. Na kila mara kwenye ile terminali nyingine inatokea hii:

usb 3-1.2: reset high-speed USB device number 5 using xhci_hcd

Mara ya tatu ikafuatiwa na "I/O error, dev sdb" na VLC ikaruka mbele.

La pili: hakuna kuganda, ila picha inarukaruka na sauti inaendelea kama kawaida. Hili ni kwa vipande vilivyorekodiwa kwa simu tu. Vya kamera yangu kubwa havina shida.

Kuhusu diski imechomekwa wapi... kwenye kigawio cha USB cha matundu manne, kile cha zamani cha USB 2, kisicho na umeme wake. Diski, mausi, simu yangu inachaji, na kifeni kidogo maana ukumbi ule joto lake si la kibinadamu.

BintiMvita

Kifeni!

Haya. Tundu la USB 2 limepangiwa miliampia 500, la USB 3 ni 900. Kigawio chako hakina umeme wake, kwa hiyo wote wanne wanagawana kile kinachotoka kwenye tundu moja la laptopu. Diski ya kuzunguka peke yake yaweza kukila chote inapoanza kuzunguka, na wewe umeiweka meza moja na simu yenye njaa na feni. Umeme ukishuka kidogo, diski yapotea kwenye laini, kerneli yaita, haijibiwi, yangoja, kisha yaibwaga na kuianzisha upya. Huo ndio mstari wako wa "reset".

Na hizo sekunde 31 zako ndizo zimenifurahisha kuliko yote. Andika

cat /sys/block/sdb/device/timeout

Utaona 30. Ni sekunde ambazo kerneli huipa diski kujibu kabla ya kuchukua hatua. Kwa hiyo saa yako ya simu imepima subira ya kerneli, pamoja na sekunde moja ya diski kuamka.

Chomeka diski moja kwa moja kwenye tundu la buluu la T430, kwa waya wake mfupi wa asili. Simu ichaji ukutani. Feni nunua ya betri. Kisha tukague kama diski haijaumia kwa kuangushwa hivyo:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Ikigoma, ongeza -d sat. Nitazamie namba 5 (sekta mbovu zilizokwisha hamishwa) na 197 (zinazosubiri hukumu), safu ya mwisho kabisa kulia. Zikiwa sifuri, lala. Ya 197 ikiwa na namba, usilale. Nakili harusi za watu kwanza, mengine baadaye.

mzee_wa_kerneli

Binti amemaliza la kwanza, nami nisiharibu. Nigusie la pili.

Simu za siku hizi nyingi hurekodi kwa HEVC, yaani H.265, njia ya kubana video iliyokuja baada ya H.264, na baadhi kwa biti 10, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi. Kadi ya picha ya T430 yako ni Intel HD 4000, ya mwaka 2012. Hiyo inajua kufungua H.264 ndani ya chipu. HEVC haijui kabisa. Intel waliianza kwenye chipu kwa ukamilifu kizazi cha sita, 2015, na ile ya biti 10 kizazi cha saba. Hakikisha mwenyewe kwa amri ya vainfo: utaona mistari ya H264, hutaona hata mmoja wa HEVC. Basi kipande cha simu cha 4K kinafunguliwa na prosesa peke yake, na prosesa ya viini viwili haifiki.

Ndiyo maana ushauri wa kuzima kadi ya picha ulikuongezea kelele za feni. H.264 iliyokuwa inabebwa na kadi nayo ukaitupia prosesa. Irudishe.

Hapa hakuna mpangilio wa kuokoa, badilisha faili lenyewe mapema:

ffmpeg -i simu.mov -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -preset fast -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac simu_tayari.mp4

Projekta yako haionyeshi 4K hata hivyo, hutapoteza kitu. Ila kipande kikiwa cha HDR, yaani chenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida, rangi zitatoka zimepauka kwa amri hii. Mwambie anayekurekodia azime HDR kwenye simu na achague H.264 kwenye mipangilio ya kamera, utapumua. Ukitaka kujua kama fremu bado zinaanguka, cheza kwa mpv, kichezeshi kingine cha video, ubonyeze Shift na i, itakuandikia idadi pembeni.

Na kijana wangu, siku ya shughuli faili liwe ndani ya laptopu. Dakika ishirini za H.264 zitakosa nafasi kwenye GB 120? Futa kitu.

sudo_mwenyewe

Nimekubali kosa. Yangu ilikuwa H.264 na draiva mbovu, nikadhani dawa moja inatibu wote.

Kamera_Chumbageni

Shikamoo mzee. Dada, asante sana.

Majibu: timeout ni 30 kama ulivyosema. Namba 5 sifuri, 197 sifuri. Diski nimeichomeka tundu la buluu, nikacheza saa mbili mfululizo na journalctl iko wazi pembeni: kimya, hakuna reset hata moja. Kisha kwa ukorofi wangu nikarudisha kigawio, simu na feni. Dakika ya nne ikaganda. Nimekitia kigawio kwenye droo ya mausi mabovu.

Vipande vya simu nimevibadilisha kwa ile amri ya mzee. Kimoja cha dakika sita kilichukua zaidi ya nusu saa, laptopu ikawa ya moto mtu angekaangia mayai, lakini sasa kinacheza laini na mpv inasema fremu zilizoanguka ni 0. Vilivyobaki navifanya usiku nikiwa nimelala. Vipande viwili vimepauka kweli, hivyo ni vya shemeji yake bwana harusi aliyeko Muscat. Nimemwomba arekodi tena.

Ya Jumamosi hii iko ndani ya laptopu tayari. Nimefuta michezo ya mwanangu, tutagombana akitoka shule.

Limebaki moja ambalo halina amri. Mama wa bibi harusi alikuja jana kuchukua nakala, nikamwonyesha pale palipoganda sasa panapita. Akatazama hadi mwisho, akafuta machozi, kisha akaniambia kuna mtu alipiga picha kile kitambaa siku ile, yeye akiwa mdomo wazi, na sasa ndiyo imewekwa kuwa picha ya kundi la ukoo la WhatsApp. Ananiuliza kama naweza kuitoa.