Ernest Bramah: alituchekesha, au aliwacheka Wachina?

Msomaji Chakavu: Wadau, nimemaliza kitabu cha Ernest Bramah, Kai Lung's Golden Hours cha 1922. Msimulizi Kai Lung yuko kizimbani mbele ya Mandarini Shan Tien, yaani ofisa mkubwa wa China ya zamani, na karani Ming-shu anakitaka kichwa chake. Kila akiitwa kujitetea anatoa hadithi, kesi inasogezwa. Mbavu sina! Ila mwandishi ni Mwingereza wa Manchester, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kukanyaga China. Zile adabu zote, watu wakijishusha mpaka chini ya jamvi huku wakitukanana, kazitunga chumbani. Ni ucheshi au kejeli?

Binti Makorora: Kejeli tupu. Mtu kajifungia ndani kwake anawachora Wachina! Kwanza alianza na shamba, likamshinda, mwaka 1894 akatoa kitabu cha kueleza kwa nini kaliacha. Kwa kawaida aliyefeli darasani hukimbilia jembe. Huyu kafeli hata jembe, akakimbilia kalamu.

Mzee wa Kahawa: Mbona nasikia huyo mtu hakuwepo kabisa? Kwamba ni jina tu, nyuma yake kundi la waandishi. Na ile laana ya Kichina, uishi katika nyakati za kusisimua, si yake?

Jembe Halali: Binti Makorora, rudia hapo. Aliyefeli darasani hukimbilia jembe? Nina diploma, na nina ekari sita za vitunguu. Ugali uliokula jana ulivunwa maktaba?

Msomaji Chakavu: Mzee, shikamoo. Alikuwepo, jina lake la ukoo ni Smith. Alijificha sana mpaka mchapishaji wake, Grant Richards, akalazimika kuwaapia wasomaji kwamba kamwona na kumgusa. Laana hiyo wanambandikia tu, kwenye hadithi za Kai Lung haimo. Jembe, tusitoke nje ya mada.

Jembe Halali: Mada ni dharau. Yeye ndiye kaileta.

Binti Makorora: Nilikuwa natania, kaka. Babu yangu mwenyewe alilima mkonge.

Jembe Halali: Alilima au alikatia wazungu?

Binti Makorora: Sasa babu yangu kaingiaje hapa?

Mzee wa Kahawa: Marahaba mwanangu. Mimi nampenda yule mpelelezi wake kipofu, Max Carrados wa 1914. Anapapasa sarafu kwa vidole, anakwambia hii bandia. Naye Bramah mwenyewe alizijua sarafu, 1929 alitoa kitabu kizima cha sarafu za shaba za Uingereza. Sasa kipofu mbona hakuna anayelalamika? Bramah alikuwa anaona.

Msomaji Chakavu: Carrados ndiye mwenye akili kuliko wote mle. Kwa Kai Lung sina uhakika. Mandarini ni mla rushwa, karani mchonganishi. Ukiwavua majoho unaona wakubwa wa popote. Lakini kama ni wa popote, kwa nini awavalishe Uchina?

Binti Makorora: Ndicho nilichosema toka mwanzo.

Jembe Halali: Ulichosema toka mwanzo ni jembe.

Mzee wa Kahawa: Jembe, hivyo vitunguu unauza gunia au kwa kilo?

Jembe Halali: Gunia, mzee. Njoo faragha. Binti Makorora kwake bei ni mara mbili.