Uendelevu kwenye kozi ya vifaa vya ujenzi: niuingize wapi?

Mwalimu_Zege:

Habari wakuu. Nafundisha vifaa vya ujenzi kwa wahandisi wa mwaka wa pili, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Mwaka jana idara ilituagiza kila mmoja aingize uendelevu kwenye kozi yake. Agizo lilikuwa mstari mmoja tu, lakini nililipokea kwa moyo wote. Hawa ninaowafundisha watajenga kwa miaka arobaini ijayo, na jengo likishasimama limesimama.

Nikaandaa mhadhara mzima, nikauweka wiki ya 13. Nilianza na ripoti ya Tume ya Brundtland ya 1987, ile iliyosema maendeleo endelevu ni kukidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Nikapitia mkutano wa Rio wa 1992, nikafika kwenye malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015. Slaidi 38. Nilipofika kama ya tano, binti mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?" Nikajibu hapana. Kalamu zikawekwa chini, safu moja baada ya nyingine hadi nyuma kabisa.

Jambo hili limenikaa moyoni. Muhula mpya unaanza, wiki 14 zote zimejaa, na mimi si mtaalamu wa mazingira. Nikitaka kuingiza, nitoe nini? Nyie wenzangu mnafanyaje?

Kemia_Hai:

Pole, Mwalimu. Ushauri wangu ni kwamba huo mhadhara uufute kabisa. Uendelevu tayari umo ndani ya somo lako, ila hujawauliza.

Ukifika kwenye saruji, je, unaandika ubaoni mlinganyo wa kuchoma mawe ya chokaa? Gramu 100 za kalsiamu kaboneti zinabakiza gramu 56 za chokaa, na gramu 44 zinaondoka kama hewa ukaa. Usiwaambie, waache wakokotoe. Kisha wape klinka, yale mabonge yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji, yenye takriban asilimia 65 ya oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa hiyo hiyo. 650 mara 44 gawa kwa 56, wanapata kilo 511 za hewa ukaa kwa kila tani ya klinka, na hapo hawajahesabu mafuta ya kupasha tanuri hadi karibu nyuzi 1,450. Sasa waulize: tanuri likiendeshwa kwa umeme wa jua, hizo 511 zinapungua kiasi gani? Hazipungui hata kilo moja, maana zinatoka kwenye jiwe lenyewe. Mwanafunzi aliyefikia hapo kwa kalamu yake huhitaji kumshawishi kwamba kuna tatizo.

Kwangu kwenye kemia natumia ibuprofeni, dawa ya maumivu. Njia ya zamani ya kuitengeneza ilikuwa na hatua sita, na takriban asilimia 40 tu ya uzito wa viambato ndiyo iliyoishia kwenye dawa. Njia ya baadaye ina hatua tatu na inafika asilimia 77. Mada hiyo nilikuwa naifundisha tangu zamani. Zamani nilisema "andika hatua", siku hizi nasema "zile atomu nyingine zimekwenda wapi?"

Masalio:

Naunga mkono, lakini naona Kemia_Hai ameruka jambo moja. Mlinganyo ukibaki ubaoni bila kuingia kwenye alama, kalamu zitashuka tena. Yule binti aliuliza swali la haki: alitaka kujua kama wewe mwenyewe unalithamini jambo hilo kiasi cha kulipima.

Mimi ni wa takwimu. Nawapa vipimo vya hewa ukaa angani vya kituo cha Mauna Loa, Hawaii, vilivyoanza 1958 vikiwa karibu sehemu 315 kwa milioni na sasa vimepita 420. Kazi ni ile ile iliyokuwa kwenye silabasi, kutenganisha mwelekeo na msimu. Wanaona wimbi la kila mwaka, mimea ya kaskazini mwa dunia ikivuta hewa hiyo inapochipua na kuiachia baadaye. Wanaolazimisha mstari mnyoofu wanakuta masalio, yaani tofauti kati ya vipimo na mstari huo, yamejikunja kama bakuli, maana kasi yenyewe inaongezeka. Kazi hiyo ina alama 15 na sijawahi kuhitaji kuhubiri.

Mwaka_wa_Nne:

Shikamooni walimu. Naomba niseme kwa upande wetu wanafunzi. Tumeonyeshwa picha nyingi za barafu inayoyeyuka na mafuriko, kisha tukaambiwa kizazi chetu ndicho kitakachoiokoa dunia. Mimi nilitoka pale nimeelemewa, sijui pa kuanzia.

Kilichonigusa ni mwalimu wa kozi ya maji. Alitupa kazi ya kusoma mita ya jengo tunalosomea, saa nne usiku linapofungwa na saa kumi na moja alfajiri kabla halijafunguliwa. Jengo tupu lilikuwa limetumia lita 640. Tukaenda choo hadi choo tukitia rangi kidogo kwenye matangi ya kuflashi bila kuvuta maji. Ghorofa ya pili rangi ikaanza kushuka yenyewe kwenye masinki mawili, taratibu, bila sauti. Tulibadilisha mipira ya valvu, usiku uliofuata mita haikusogea. Nikiulizwa chuo kimenifundisha nini, hiyo namkumbuka nayo mwalimu yule.

Mwalimu_Zege:

Narudi na mrejesho, muhula umekwisha.

Mhadhara wa wiki ya 13 niliufuta. Nikatoa pia saa mbili za jedwali la aina za saruji nililokuwa nawakaririsha. Mabadiliko yenyewe niliyaweka kwenye kazi moja tu ya maabara, kusanifu mchanganyiko wa zege lenye nguvu ya megapaskali 30, kipimo cha mgandamizo linaoweza kuhimili. Miaka yote kundi likivuka 30 lilipata alama zote, na lililovuka sana niliandikia "safi sana". Safari hii kila kundi lilijaza pia kilo za saruji kwa mita ya ujazo na hewa ukaa yake, na nusu ya alama zikawa hapo.

Kundi la kwanza lilileta 46, likiwa limetumia saruji kilo 470. Kundi la nne lilileta 38 kwa kilo 340, yaani lilivuka kwa kiasi kinachotosha kwa usalama na likaishia hapo. Tofauti yao ni kilo 130 za saruji, kama kilo 110 za hewa ukaa kwa kila mita ya ujazo. Vijana wa kundi la kwanza walilitazama jedwali muda mrefu. Mmoja akasema, "Kumbe tuliongeza kwa woga." Mimi nilikuwa nimeusifu woga huo miaka tisa.

Makundi mengine yalibadilisha asilimia 30 ya saruji kwa majivu ya makaa ya mawe. Siku ya 7 michemraba yao ya zege ya kupimia nguvu ilikuwa dhaifu, wakaingiwa na wasiwasi wa alama. Siku ya 56 ilikuwa imewafikia wenzao. Anayetaka kuiga azingatie hilo: zege limwagwe mapema, kama wiki ya 3, maana likipita wiki ya 6 siku ya 56 itaangukia nje ya muhula. Na ndiyo, swali la nne la mtihani lilitoka hapo, alama 20.

Darasani mmoja akauliza, mitambo ya makaa ya mawe ikifungwa, majivu tutayatoa wapi? Tukaingia kwenye udongo wa mfinyanzi uliochomwa, ambao unahitaji nyuzi 700 hadi 850 tu na hautoi hewa ukaa kama jiwe la chokaa. Muhula ujao nataka wauchome wenyewe. Kemia_Hai, lile tanuri dogo la maabara linafika nyuzi 800 na kukaa hapo saa nzima, au nitafute kubwa zaidi?