Nitajuaje kama difu iliyoongezewa mabamba imechomelewa vizuri?

Dereva wa Karatu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninataka kununua Land Cruiser 79 iliyotumika, ili niwe ninapeleka vyakula na vifaa vya kambi za watalii kupitia Ngorongoro hadi Seronera, ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Mwenye gari ameongeza bei kwa hoja kwamba hausingi za difu (magamba ya chuma yanayofunika difu na shafti za magurudumu), ya mbele na ya nyuma, zimeimarishwa: chini ya mirija yake ya pembeni, ambamo shafti hupita, kumechomelewa bamba nene, na juu ya difu ya nyuma kuna fremu ya pembetatu inayovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nimeingia chini nikaangalia. Sehemu kubwa ya mishono imesagwa kwa grenda na kupigwa rangi nyeusi ambayo bado ni mpya; pale ambapo haikusagwa, mishono ni minene na imetuna. Karibu na kikalio cha springi, bamba la chini limekatwa mraba na kuchomelewa kuuzunguka mrija. Kwa kuwa njia ile ni ya changarawe yenye mawimbi, na gari litakuwa na mzigo, ninaomba kujua ni dalili zipi zinatosha kuikataa kazi hii na zipi ni za sura tu.

Fundi Chuma amejibu:

Ndugu, unene wa mshono usikuridhishe. Mshono uliotuna sana mara nyingi huonyesha kwamba moto ulikuwa mdogo, hivyo chuma cha fimbo ya kuchomelea kimekaa juu ya bamba bila kuyeyuka pamoja nalo. Mshono mzuri wa kona huwa bapa au umetuna kidogo tu, na kingo zake huingia kwenye bamba na kwenye mrija taratibu, bila ngazi. Nguvu yake imo katika koo lake, yaani unene wake kutoka kona ya ndani hadi usoni, ambalo ni takriban 0.7 ya urefu wa mguu, yaani upana wa mshono ulioshika kwenye bamba: mguu wa milimita 6 unakupa koo la milimita 4 na kidogo, na chuma kilichorundikwa juu ya hapo hakikusaidii.

Omba ruhusa ya kuondoa rangi kwa brashi ya waya, si kwa grenda. Kinachonitia hofu kuliko vyote ni mfereji mwembamba unaokimbia kando ya mshono upande wa mrija, kwa sababu hapo fundi ameula ukuta wa hausingi yenyewe, ambayo ndiyo inayobeba gari. Kishimo kisichojazwa mwishoni mwa mshono nacho ni kibaya, kwa kuwa nyufa hupenda kuanzia hapo. Matone yaliyorukia pembeni ni sura tu. Kusaga si kosa kwa yenyewe, lakini mshono uliosagwa hadi ukawa sawa na bamba umepoteza koo lake, na kasoro zake haziwezi tena kusomeka kwa macho.

Kwa nyufa, tumia dawa ya kupuliza ya rangi nyekundu: safisha, pulizia, subiri dakika 10 hadi 15, futa kwa kitambaa, kisha pulizia dawa nyeupe inayoivuta nyekundu kutoka kwenye ufa. Ufa utajichora kwa mstari mwekundu. Dawa hiyo huonyesha tu nyufa zilizofika juu. Haisemi lolote kuhusu mshono ambao haukushika ndani.

Muulize pia ni fimbo gani zilitumika. Fimbo za 6013, ambazo mafundi wengi wa mageti na madirisha wanazo, hazizami sana. Kwa kazi hii ningependa kusikia 7018, fimbo za haidrojeni kidogo, tena zilizotunzwa zikiwa kavu, kwa sababu zikinyonya unyevu huingiza haidrojeni kwenye chuma, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya kazi kupoa.

Mzee wa Difu amejibu:

Ninakubaliana na Fundi Chuma, ila mimi ningeanza na swali jingine: je, hausingi bado imenyooka? Mshono ukipoa hunywea na kuvuta chuma upande wake. Fremu ikichomelewa juu kwa mkupuo mmoja mrefu, ncha za hausingi hupanda, na magurudumu huinama kwa ndani sehemu ya juu. Ndiyo maana fundi makini huchomelea vipande vifupi, akihama kutoka upande huu kwenda ule na kuacha chuma kipoe.

Difu ya nyuma ya gari hilo inakupa nafasi nzuri ya kupima, kwa kuwa uzito wa gari umebebwa na habu (kitovu cha gurudumu), na shafti inazungusha gurudumu tu. Fungua nati za kichwa cha shafti, toa washa zake za koni, uivute nje. Ukiirudisha, inapaswa kuingia kwenye meno ya difu bila kulazimishwa, na kichwa chake kilale juu ya habu pande zote. Kikigusa upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili, nitaamini kwamba mrija umepinda. Kisha pima umbali kati ya magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma ya tairi, kwa kimo cha katikati ya habu. Vipimo vikitofautiana, geuza magurudumu nusu mzunguko upime tena, kwa sababu rimu iliyopinda inaweza kukudanganya. Angalia pia kama sili zinavuja na kama matairi yameliwa upande.

Msafiri wa Nanyuki amejibu:

Ndugu yangu, mimi kilichonishtua ni ule mwisho wa mraba. Huku Kenya tuna Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989, ambapo mshindi ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, kwa hiyo magari hukata moja kwa moja kwenye miamba na hausingi hupigwa kwelikweli. Wanaoimarisha kwa uangalifu hawamalizi bamba ghafla. Hulichonga liwe jembamba kuelekea mwisho au hulikata kwa umbo la mdomo wa samaki, ili mrija usitoke kwenye ugumu mwingi hadi ulaini mahali pamoja. Mshono unaouzunguka mrija unakaa mkingamo na nguvu za kupinda, na kila wimbi la barabara linaupiga palepale. Bamba hilo huenda limehamisha tu mahali pa kuvunjika.

Dereva wa Karatu ameandika:

Ninawashukuru sana. Tumeondoa rangi na kupuliza dawa. Kichwa cha shafti kimelala vizuri pande zote mbili, na vipimo vya magurudumu vinalingana. Hata hivyo, kwenye kona ya bamba la chini, upande wa kulia nyuma, umeonekana mstari mwekundu mfupi unaoingia kwenye mrija. Je, unatengenezeka?

Fundi Chuma amejibu:

Unatengenezeka ikiwa ni mfupi na mrija umenyooka, lakini usikubali ufa ufunikwe kwa mshono mwingine juu yake. Oili imwagwe na sehemu isafishwe kabisa, kwa kuwa oili inayochuruzika kupitia ufa huharibu mshono mpya. Ncha ya ufa itobolewe kwa keekee ili usiendelee, ufa wote uchimbwe kwa grenda hadi uishe, ujazwe kwa 7018 kavu, kisha mwisho wa bamba uchongwe upya pande zote mbili, kwa sababu kona ya kushoto ina umbo lilelile. Betri itenganishwe, na kibanio cha athi kiwekwe karibu na mahali pa kuchomelea ili umeme usipite kwenye beringi. Gharama hiyo iondolewe kwenye bei ya gari, na kazi ifanyike kabla hujalipa, dawa nyekundu ikipulizwa tena siku inayofuata.