Mji mdogo wa Japani ulioingizwa katika jiji: wakazi walibaki na nini?

Mkazi wa Kisesa:
Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaishi Kisesa, wilayani Magu, jirani kabisa na Jiji la Mwanza, na wazee wetu hawachoki kubishana kuhusu siku ambayo huenda tukaingizwa mjini. Nimesoma kwamba Asuke, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Aichi, uliingizwa katika jiji la Toyota tarehe 1 Aprili 2005. Kwa nini walikubali, na walipoteza nini?

Mwalimu wa Nyegezi:
Ndugu yangu, siku hiyo Asuke iliingia pamoja na miji mingine mitatu na vijiji viwili, na eneo la Toyota likapanda kutoka kilomita za mraba 290 hivi hadi 918, sehemu kubwa ikiwa msitu. Nchi nzima ilikuwa katika wimbi hilo: halmashauri 3,232 za mwaka 1999 zilikuwa zimebaki 1,727 kufikia Machi 2010. Vijana walikuwa wamehama, wazee wameongezeka, madeni yamezidi, na serikali kuu iliahidi kubeba asilimia 70 ya marejesho ya mikopo maalumu ya kuungana. Hata hivyo hawakulazimishwa; mji wa Yamatsuri, mkoani Fukushima, ulitangaza mwaka 2001 kwamba hautaungana na yeyote, na hadi leo unajitegemea. Sisi huku tumezoea kugawanya halmashauri, kama Ilemela ilivyotengwa na Jiji la Mwanza ikapata manispaa yake mwaka 2012.

Asuke walipoteza meya na baraza lao, na ofisi ya mji ikawa tawi la jiji. Wana baraza la eneo, lakini kazi yake ni kushauri. Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi.

Mama wa Mwaloni, Kirumba:
Mwanangu wa Kisesa, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, na Asuke naipenda kwa sababu ya chumvi. Zamani chumvi ya pwani ilifika pale katika magunia yenye uzito tofauti, ikamwagwa, ikachanganywa na kufungwa upya kwa uzito mmoja, kisha farasi wakaipandisha milimani. Ni kazi ileile tunayoifanya sisi na viroba vyetu kabla ya lori kuondoka. Chumvi hiyo iliitwa kwa jina la Asuke, ingawa haikutoka Asuke. Jina hilo bado lipo katika anwani za mji mkongwe, na nyumba zake za kale zimehifadhiwa kisheria tangu mwaka 2011.

Mkazi wa Kisesa:
Shikamoo mama, nawe mwalimu, ahsanteni sana. Katika mkutano wa kijiji nitauliza kwanza kuhusu baraza: je, litakuwa la kuamua au la kushauri tu?