Baba ameacha picha zaidi ya mia mbili, tunataka kuzifungulia makumbusho. Naomba ushauri

Mwana_Chumbageni
Habari za muda huu wakuu. Baba yetu alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Alikuwa mfanyakazi wa bandari hapa Tanga, na tangu miaka ya sabini kila akienda Dar lazima apite Morogoro Stores, Oysterbay, kununua picha za Tingatinga kwa wachoraji wenyewe. Baadaye akaongeza kazi za vijana wa kisasa, na vinyago vya Wamakonde vya shetani. Jumla ni zaidi ya mia mbili. Chache zimetundikwa ukutani, nyingi zimelazwa stoo na chini ya vitanda.

Tuko wanne. Kaka mkubwa anataka ziuzwe tugawane. Dada anasema nyumba yenyewe iwe makumbusho, kwa sababu mzee alilisema hilo mara nyingi. Mimi niko upande wa dada, ila sijui pa kuanzia. Je, kuna mtu binafsi hapa Afrika aliyefanya hivi na likasimama?

Mdau_Turubai
Pole sana mkuu, Mungu amrehemu mzee. Lipo lililosimama, na kubwa: Zeitz MOCAA, Cape Town. Jochen Zeitz, Mjerumani aliyewahi kuiongoza Puma, alikusanya sanaa ya kisasa ya Afrika na ya Waafrika walioko ughaibuni, na mwaka 2017 makumbusho yakafunguliwa ndani ya ghala la zamani la nafaka pale bandarini. Lilikuwa na mirija 42 ya zege iliyosongamana. Msanifu Thomas Heatherwick akachukua punje ya hindi, akakuza umbo lake, akalichonga katikati ya mirija ile. Ukisimama chini ukatazama juu unaona kingo za zege zimesuguliwa zinang'aa, kokoto zinaonekana moja moja. Mimi pale nilisahau kabisa picha kwa muda.

Lakini angalia fedha zilitoka wapi. Jengo na ukarabati, takriban randi milioni 500, vilibebwa na V&A Waterfront, wenye eneo lile. Zeitz aliazimisha mkusanyiko wake kwa maisha yake yote au miaka 20, lolote litakalokuwa refu zaidi. Tajiri wa kiwango kile hakubeba peke yake. Nyie wanne mtalipa vipi umeme, mlinzi na mtu wa kupokea wageni mwaka wa tatu, hamu ikishapungua?

Mkaazi_Moi_Avenue
Nawasalimu kutoka Nairobi. Someni habari za Joseph Murumbi kabla hamjasaini chochote. Alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya, akajiuzulu mwaka 1966, na alikuwa mkusanyaji hodari mno wa sanaa na vitabu. Miaka ya sabini aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyiko, akakataa wanunuzi wa nje, kwa ahadi kwamba hapo patakuwa taasisi ya masomo ya Afrika yenye jina lake. Taasisi haikujengwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, mwisho ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990. Jumba la Murumbi lililo ndani ya Nyaraka za Taifa, hapa Moi Avenue, lilifunguliwa mwaka 2006.

Nikiingia pale huwa nafurahi kwamba vitu vipo na watoto wa shule wanaviona bila kuhangaika, halafu naumia kwa ajili yake. Mkikabidhi kwa mtu yeyote, iwe serikali au chuo, andikeni: ataviweka wapi, kwa muda gani, na asipofanya hivyo vinarudi kwa nani. Ahadi ya mdomo msiikubali hata ikitoka kwa mtu mwema.

Fundi_Fremu
Mimi nimeshtuka hapo kwenye "chini ya vitanda". Picha za zamani za Tingatinga zimechorwa kwenye hardboard kwa rangi ya mafuta ya kung'aa. Kwa unyevu wa Tanga ubao hunyonya maji kwenye kingo, unavimba, rangi inapasuka na kubanduka vipande. Zikilaliana ndiyo mbaya zaidi, zinagandana. WIKI HII zitoeni. Zisimamisheni wima juu ya mbao, zisiguse sakafu wala ukuta wa nje, katikati mweke karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Magazeti hapana, wino unahama. Kagueni mchwa nyuma ya fremu. Msifute kwa kitambaa chenye maji, na asije fundi akawapakia vanishi mpya.

Halafu pigeni picha mbele na NYUMA. Nyuma ndiko kuna jina, mwaka, pengine bei kwa penseli. Hayo yakifutika, picha inabaki yatima.

Binti_Sheria
Kabla ya yote, mirathi. Kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi, mkafungue shauri mahakamani. Hadi hapo hakuna mwenye mamlaka ya kuuza wala kuanzisha makumbusho, si kaka wala dada. Mkikubaliana baadaye, wadhamini waandikishwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ili picha ziwe mali ya wadhamini, zisiwe za mtu. Bila hivyo, mmoja wenu akifariki mnaanza ugomvi upya na watoto wake.

Jambo jingine: kumiliki picha si kumiliki hakimiliki. Mkitaka kuchapa kadi au fulana za kuuza wageni, tafuteni wachoraji au warithi wao kwanza. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya msanii kufariki.

Babu_Kisosora
Kaka yenu msimfanye adui. Huenda ana ada za watoto shingoni. Nchini Nigeria, Yemisi Shyllon alikuwa na maelfu ya kazi, ila alikipa Chuo Kikuu cha Pan-Atlantic, Lagos, takriban 1,000 tu, na fedha za jengo juu yake, makumbusho yakafunguliwa mwaka 2019. Si lazima zote zibaki. Chagueni hamsini zinazosimulia kitu, zilizobaki ziuzwe kwa utaratibu, na sehemu ya fedha ibaki kuzitunza hizo hamsini.

Mdau_Turubai
Naafiki kuuza, ila siafiki kuuza kabla ya kuorodhesha. Mnunuzi wa kwanza atakayegonga hodi atakuwa anajua thamani kuliko nyie.

Mwana_Chumbageni
Ahsanteni sana wakuu. Nimempigia kaka, nimemsomea hoja ya Babu. Amekubali tuorodheshe kwanza, na kikao cha ukoo ni baada ya Idi. Stoo tumeanza kuitoa jana jioni. Fundi_Fremu, kuna mbili zimegandana uso kwa uso, ya chui na ya ndege wawili. Tuzivute taratibu au tuziache hivyo hivyo?

Fundi_Fremu
Msizivute! Ziacheni zilivyo, zifungeni kwa shuka safi, ziwekwe wima. Nitumie picha ya kingo zake inbox, niko Muheza, Jumamosi naweza kufika.