Unguja–Maskati: mbona kwenda masaa 6 kurudi 4?

MtotoWaMkunazini
Salaam alaykum wadau. Bimkubwa anakwenda Maskati mwezi ujao kumuona khalati, hajawahi kupanda ndege. Tiketi ya moja kwa moja haina kushuka popote, kwenda inaondoka 14:00 inafika 20:15, kurudi inaondoka 09:05 inafika 13:20. Nikipiga hesabu kwenda masaa 6 na robo, kurudi 4 na robo. Ni upepo au wamekosea? Bimkubwa ashaanza, anasema hiyo ya kwendea mbovu hapandi 😅 Na umbali hasa ni kilomita ngapi?

JahaziLaKusi
Waalaykum salaam. Upepo haukupi tofauti ya masaa mawili babu. Saa ya kuondoka imeandikwa kwa saa za Unguja, ya kufika kwa saa za Maskati, na wao wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo kwenda toa moja kurudi ongeza moja, zote zinakuja 5 na robo. Umbali ni kama km 3,900. Chukua tufe la shuleni uvute uzi toka Unguja mpaka Maskati, utapita karibu na Kismayu, kisha Garowe, zote Somalia, unavuka bahari unatokezea upande wa Salalah, kusini ya Oman. Rubani hafuati uzi vile vile ila ndo uelekeo wenyewe.

MtotoWaMkunazini
Kumbe! Lakini ndege si inakwenda 850 kwa saa? 3,900 gawa kwa 850 hata masaa 5 haifiki.

JahaziLaKusi
850 ni ikishakaa juu. Saa ya tiketi inahesabiwa tangu inapong'oka ilipoegeshwa, hapo itambae mpaka njia ya kurukia, ipande, na kule ishuke pole pole isubiri zamu ya kutua. Nusu saa ishapotea. Wazee wa majahazi ndo walikuwa na kwenda na kurudi tofauti, kupanda Arabuni mpaka pepo za kusi ziingie, kurudi ungoje za kaskazi.

BiKitumbua
Nyie kilomita tu, msomeeni mama wa watu saa kwa Kiswahili! 14:00 ni saa nane mchana, 20:15 saa mbili na robo usiku. Mie mwaka juzi narudi toka huko huko tiketi imeandikwa 03:00, nikajua saa tatu asubuhi nikalala zangu, kumbe saa tisa usiku. Saa kumi na mbili nipo na kanga nakunywa chai ya maziwa shemeji ananiuliza we si ulikuwa uondoke usiku? Ndege iko juu ya Somalia huko na kiti changu kitupu. Tiketi nyengine nikanunua kwa pesa yangu.

MtotoWaMkunazini
😂😂 Pole sana bi. Nimemsomea, saa nane mchana, kakubali. Sasa anauliza magharibi itamkuta angani, ataswali kwa saa ya wapi?

JahaziLaKusi
Saa aachane nayo. Mkatie kiti cha dirishani aangalie jua likizama.