MREJESHO: Mapigo ya moyo kwenye mbio, namba zilikuwa zinanidanganya

Wakuu, nirudi kwenye swali langu: niliuliza kwa nini saa yangu ya kupima mapigo inalia kuwa nimezidisha hata nikikimbia polepole. Nina miaka 44, nilichukua 220 nikatoa umri nikapata 176, yaani mapigo ya juu kabisa kwa dakika, nikaambiwa mbio nyepesi ni asilimia 60 hadi 70 yake, mapigo 106 hadi 123. Nikianza tu kukimbia, saa inalia! Nikawa natembea kama nasindikiza mgeni.

Aliyenipa kanuni ya 208 kutoa 0.7 mara umri, asante, ila ilileta 177. Tofauti ni pigo moja tu! Kilichonitoa ni ushauri wa dada mmoja aliyenijibu hapa: jipime mwenyewe mapigo yako ya juu kabisa. Nikapima presha kwanza, nikapasha mwili dakika 20, kisha nikapanda barabara ya mlima ya Mweka, huku Moshi, mara tatu, dakika 3 kila mara, ya mwisho kwa nguvu zote. Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo (wa kuazima) ukasoma 187. Asubuhi kabla sijatoka kitandani ni 58. Tofauti ni 129. Asilimia 60 hadi 70 yake, ukirudishia 58, ni 135 hadi 148. Hapo naongea sentensi nzima bila kuhema.

Kilichoshindikana ni saa ya mkononi. Asubuhi ya baridi inasoma 170 hata jasho sijatoka, nadhani inahesabu hatua badala ya mapigo. Kuikaza juu ya kifundo kumesaidia kidogo. Na mlima wa Mweka siuwezi chini ya 148, natembea tu.

Mzee wangu alitaka namba hizi, nikamkatalia. Anatumia dawa za presha, na baadhi yake hushusha mapigo.

Mkanda narudisha Jumamosi, nimeanza kudunduliza wangu. Asanteni sana.